Harufu ya Moshi Darasani

Watu wanaoamriwa na mahakama kuhudhuria masomo ya walioendesha gari wakiwa wamelewa huja kwangu kwanza, kabla ya kwenda kwa mwalimu. Wanajua kuwa mimi ndiye mkalimani wa masomo hayo, na kibanda changu cha kutengeneza injini za boti kiko palepale karibu na bandari ya Kashikishi, kwa hiyo kuniuliza hakuwagharimu kitu. Wanauliza kama kuna mtihani. Wanauliza kama watapigwa picha. Mmoja alitaka kujua kama ni lazima mtu aokoke. Nawajibu kwa utaratibu: mtihani hakuna, picha hakuna, na kuokoka ni kati yako na kanisa lako. Utaketi kwenye benchi. Utafundishwa pombe inavyofanya kazi mwilini. Utaeleza safari yako, ile uliyokamatwa nayo, tangu chupa ya kwanza mpaka mkono wa polisi. Ukikosa kuja bila sababu, mwalimu ataiarifu mahakama na utakwenda jela. Halafu nanyamaza, maana liko jambo jingine la kutarajia, na sijapata njia fupi ya kulieleza.

Nitalieleza hapa kwa urefu wake.

Mama yangu alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Baba alikuwa mtu wa hapa. Kiswahili nilikipata kwa mama, Kibemba nilikipata kwa watoto wenzangu, na Kiingereza nilikitafuta mwenyewe, kwanza katika vitabu vya injini, kisha katika kitabu chochote kilichonipitia mkononi. Shule sikuendelea nayo. Mahakama ilipoanza kutoa amri ya masomo, iligundulika kwamba mmoja wa waliohukumiwa, dereva Mkongo anayeishi katika makazi ya wakimbizi, hakuelewa Kibemba zaidi ya salamu, na mwalimu hakujua Kiswahili. Wakaniita mimi.

Ukumbi wa boma ulikuwa na shughuli nyingine, kwa hiyo tulipewa banda la zamani la barafu, lililojengwa enzi ambapo samaki walipakiwa kwenye barafu kwenda mijini. Kuta zake ni nene kuliko urefu wa mkono, na katikati zimejazwa unga wa mbao ili baridi isitoke. Madirisha hayamo. Siku ya kwanza mlango ulifungwa na upepo, nikatambua kuwa silisikii ziwa. Nimezaliwa karibu na ziwa hili na sijawahi kuishi siku moja bila kulisikia, hata usingizini. Mle ndani sauti ya mtu iliishia midomoni mwake. Mwalimu naye alinyamaza katikati ya neno, akaenda kuutegea mlango jiwe kubwa, na tangu siku hiyo hatukuufunga tena.

Mwalimu wetu alikuwa muuguzi mstaafu, na kila mtu alimwita Sista. Wanafunzi walikuwa wachache. Nitawataja watatu tu: huyo dereva Mkongo, mwenye teksi mmoja, mwembamba, ambaye hakuweza kukaa bila mzaha, na mfanyabiashara wa samaki, mtu mzito, aliyelalamika kila mara kuwa benchi ni finyu. Wote walikamatwa kwenye barabara moja, ile itokayo Kashikishi kwenda Kenani, kwenye kizuizi kilekile cha polisi.

Ilikuwa miezi ambayo ziwa hufungwa ili samaki wazaliane. Bandari ilikuwa kimya. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani na vichanja vya kukaushia samaki vilibaki miti mitupu. Wenyeji wanajua maana yake: hakuna anayechoma samaki, na mji ambao mwaka mzima hunuka moshi ghafla haunuki kitu.

Somo la kwanza lilikuwa la vipimo. Sista alipanga mezani vikombe na chupa tupu, akaeleza kila kimoja kina kilevi kiasi gani. Alipofika kwa Mkongo akamuuliza alikunywa nini siku ile.

"Mie sikunywa pombe, Sista," akasema, na mimi nikatafsiri. "Nilikunywa lutuku kidogo tu. Ile ya tumbo."

Mwenye teksi, aliyejua kuwa lutuku ni pombe kali ya kienyeji kama kachasu ya kwetu, akapasuka kwa kicheko. "Sista, hiyo lutuku ni kachasu yenye pasipoti! Imevuka ziwa, basi imekuwa dawa?"

"Na tumbo lenyewe lilipona?" akauliza mfanyabiashara.

"Lilipona," akajibu Mkongo. "Kichwa njo kilibaki kule."

Walicheka wote, na Sista akacheka pia. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kilikuwa cha mwisho ambacho Mkongo alishiriki.

Mama mmoja mzee aliingia katika somo lililofuata. Tulikuwa tumeketi. Alisimama mlangoni, kandambili zake mkononi, kichwa kimenyolewa, kitenge kimefungwa chini ya makwapa kama wafungavyo wanawake wafiwa. Akapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimekunjwa, na sisi tukapiga makofi vilevile.

"Mwapoleni, mayo," akasema Sista, ambayo ni salamu yetu kwa mama anayestahili heshima.

"Eya, mukwai," akaitika yule mama. Akatandika mkeka wake karibu na ukuta, mbele kidogo ya mlango, akaketi na kunyoosha miguu.

Hakuna aliyemuuliza amekuja kwa nini. Mtu wa mbali atashangaa, lakini hapa kwetu mama mzee mwenye kichwa cha kufiwa haulizwi ametoka wapi na anataka nini. Unamsalimu, unampisha, na anapokuwa tayari atasema. Tulimpisha. Somo likaendelea. Baada ya muda nikasikia harufu ya moshi. Nikatazama nje: vichanja vitupu, bandari tupu, mvua nyembamba juu ya maji. Moshi ulikuwa mle ndani pamoja nasi.

Siku hiyo ndipo Sista alipochora barabara. Ilikuwa njia yake ya kufundisha, na sijaiona kwingine. Alichukua chaki akaanza kuchora sakafuni kutoka kwenye benchi, akisema, "Hapa ni soko la Kashikishi." Akaenda ameinama, akiburuza mistari miwili: hapa kanisa, hapa wauza makaa, hapa mteremko. Alikusudia mistari inyooke hadi ukuta wa mbele. Lakini alipofika kwenye mkeka wa yule mama alisita, kwa sababu hawezi kumwambia mama mfiwa asogee, na hawezi kuchora barabara juu ya mkeka wake. Akauzunguka. Mistari ikapinda, ikafuata ukingo wa mkeka, ikarudi na kuendelea hadi ukutani, ambako aliandika kizuizi cha polisi.

Mwenye teksi aliinua shingo kutazama. "Haya, Sista, unaijua barabara vizuri," akasema. "Umeweka hata kona ya daraja."

Sista akatazama alichokichora. Ni kweli. Baada ya mteremko, barabara ya Kenani hupinda pale penye daraja dogo, juu ya kijito kilichojaa matete. Hakuwa amekusudia kuiweka.

Kazi ya kila mwanafunzi ilikuwa kutembea juu ya chaki taratibu na kusema alichokiona mahali baada ya mahali. Mfanyabiashara alitembea akisema aliona taa mbili kila palipokuwa na moja. Mwenye teksi alikiri kuwa alilala kidogo penye mteremko na aliamshwa na honi yake mwenyewe, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeangukia usukani. Ikaja zamu ya Mkongo. Mimi nilitembea kando yake, maana mkalimani anapaswa kuwa karibu na mdomo anaoutafsiri.

"Naacha soko," akasema. "Redio iko naimba. Jua iko naanguka mu mayi. Napita kanisa, batu beko banatoka. Napita fasi ya makala. Nashuka."

Nilikuwa nikirudia kila neno kwa Kibemba: jua likiangukia majini, watu wakitoka kanisani, mahali pa wauza makaa. Tukashuka mteremko wa chaki. Alipofika penye kona, vidole vya miguu yake vikiwa karibu kugusa mkeka, akasimama.

"Endelea," akasema Sista.

"Hapa inakatika."

"Unakumbuka nini baada ya hapo?"

"Polisi. Polisi eko ananishusha mu kamio," akasema, akimaanisha lori alilokuwa akiliendesha.

"Na hapa katikati, kutoka daraja mpaka polisi?"

"Hakuna kitu, Sista. Ni kama banazima taa."

Sista alitueleza jambo ambalo nilikuwa nimewahi kulisoma bila kulielewa. Alisema kwamba mtu akizidisha kilevi, macho yake huendelea kuona na mikono huendelea kufanya kazi, lakini ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu huacha kutunza. Muda huo haujasahaulika. Haukuwekwa kabisa. Kwa hiyo hata ajitahidi maisha yake yote, hataukumbuka, kwa sababu hakuna cha kukumbuka.

Nilimtafsiria. Alinisikiliza akitazama sakafu.

"Donk," akasema kwa sauti ndogo, yaani basi, "ni nani alikuwa naendesha?"

Nililirudia swali hilo kwa Kibemba kama lilivyo. Yule mama, ambaye tangu alipoingia hakuwa ameinua uso, aliutazama mguu wa Mkongo uliokuwa pembeni ya mkeka wake. Hakumtazama usoni. Aliutazama mguu tu, kwa muda mrefu.

Tulipotoka Mkongo alinifuata hadi kibandani kwangu. Alikaa juu ya injini niliyokuwa nimeifungua, akainuka, akakaa tena.

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo watu wa kwao wanavyomwita aliyewazidi umri, "nina neno. Si la darasa."

"Sema."

"Kamio ilikuwa na kioo ku kushoto, kile cha kuangalia nyuma. Kilikuwa kinalegea, nikafunga na mupira mwekundu, mie mwenyewe, na mukono yangu. Mu soko ya Kashikishi kilikuwapo. Kule kwa polisi, hakuna. Na taa ya kushoto imepasuka."

"Mwenye gari alisema nini?"

"Alisema nimepiga muti. Polisi banasema muti. Na mie nasema muti." Akasugua viganja magotini. "Lakini nikifunga macho, yaya, haiko muti. Haiko kitu. Na kile hakiko kitu, njo kinaniogopesha."

Nilimwambia amalize masomo apate karatasi yake, kisha arudi kwenye mashamba ya mihogo kama alivyokuwa akisema. Ni ushauri ambao mtu yeyote angempa. Bila karatasi ile angefungwa. Akiwa nayo, kesi ilikuwa imekwisha.

Yule mama aliendelea kuja. Kila mara alitandika mkeka mahali palepale, na Sista, ambaye chaki yake ilifutwa na wasafishaji kila baada ya somo, kila mara alichora barabara ikapinda palepale. Moshi uliingia naye na kubaki baada yake. Nilianza kuusikia kwenye shati langu nyumbani.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua kitu kinatoka wapi. Nilimuuliza Sista, "Yule mama ni nani?"

"Si ameletwa na mahakama?" akasema Sista. "Nilidhani ni utaratibu. Wa familia za waathirika."

Nikamuuliza mfanyabiashara. "Si mama yake Sista?" akasema. "Ndiyo maana ninakaa kwa adabu hivi."

Mwenye teksi alikuwa na jibu lake. "Huyo? Mama mkwe wa Mkongo. Mtazame anavyomwangalia. Mama mkwe ndiye huangalia hivyo."

Hakuna aliyemleta. Kila mmoja wetu alimheshimu kwa niaba ya mwingine. Basi siku moja nilifika mapema, nikamkuta amekwisha kuketi peke yake ndani ya banda. Nilichuchumaa kando ya mkeka, nikapiga makofi.

"Mayo, nisamehe. Umetoka wapi?"

Akataja kijiji kilicho kando ya barabara ya Kenani, kupita daraja. Alikuwa akija kwa miguu.

"Na umekuja kwa nani?"

"Tata," akaniita, yaani baba, kwa heshima ambayo umri wangu haukuistahili, "wewe ndiwe mdomo wa yule mgeni. Nimekuwa nikikusikiliza. Amekwisha kusema yote, au yapo uliyoyaacha?"

Nikamwambia kuwa nasema kila kitu kisemwacho darasani.

Ndipo aliponieleza. Alikuwa na mtoto wa kiume, mtu mzima, aliyepeleka samaki wakavu vijijini kwa baiskeli. Kabla ya ziwa kufungwa alitoka Kashikishi na mzigo wake, jioni, akielekea nyumbani, na hakufika. Baiskeli haikuonekana, mzigo haukuonekana. Polisi walimwambia vijana huondoka kwenda Mununga, mbali kwenye ufuko huuhuu, au huvuka Kongo, na hurudi wakiwa na wake. Majirani walimwambia hivyohivyo, na wengine kwa kucheka: mwanao ameoa Mununga, mayo, jiandae kulea wajukuu. Yeye alijua hajaoa Mununga. Akanyoa kichwa, akawasha moto nje ya nyumba yake.

Hapa lazima nieleze, maana ndiyo sehemu iliyoninyima usingizi. Kwetu, mtu akifa, moto huwashwa nje ya nyumba ya msiba na wanaume hulala kando yake, na hauzimwi mpaka marehemu azikwe na majivu yaondolewe. Moto huo huwashwa na watu. Mtu mmoja hauwashi. Wala hauwashwi kwa ajili ya asiyejulikana kuwa amekufa, kwa sababu itakuwa ni kuuita mzimu wake uje ukae. Majirani walimsihi auzime. Alipokataa waliacha kupita mbele ya nyumba yake, na watoto walikatazwa kuchota maji upande ule. Alikuwa akiukesha peke yake, mvua ikinyesha akiufunika kwa bati, na akija darasani aliliachia bati hilo kazi ya kuulinda.

"Nilisikia kuwa hapa walevi wanaambiwa waseme barabara yao yote," akasema. "Nikasema, atakayesema daraja, nitamsikia."

"Umemshuku mtu?"

"Sishuku. Nasubiri. Moto ukizimika kabla hajapatikana, sitajua pa kuanzia."

Niliinuka na kwenda nje kutazama ziwa. Sasa nilikuwa na kioo chenye mpira mwekundu upande mmoja, na moto chini ya bati upande mwingine, na aliyeniambia kila jambo hakumjua mwenzake. Kazi yangu ina sheria moja: neno ulilopewa nje ya kikao hulipeleki ndani ya kikao. Nimeishika sheria hiyo kortini na kliniki, na ndiyo maana watu wananiamini. Niliishika hata hapo. Mambo mawili tu niliyabadili. Tangu siku hiyo, nilipomtafsiri Mkongo, niliacha kumtazama Sista. Nilisimama nikielekea mlango, nikasema kwa sauti, ili asilikose hata neno moja yule aliyekaa chini. Na nilipomtafsiria Mkongo masomo ya Sista nilimwambia, kwa kuwa haikuwa siri ya mtu na kijiji kizima kilijua, "Yule mama anamtafuta mtoto wake aliyepotea na baiskeli."

Aliacha kula chakula ambacho Sista alituletea.

Kikao cha mwisho kilikuwa cha kurudia. Kila mtu angetembea juu ya chaki mara moja zaidi, kisha angepewa karatasi yake ya kuipeleka mahakamani. Mvua ilikuwa kubwa, na jiwe la mlango liliteleza. Mlango ukajifunga, ziwa likanyamaza. Hakuna aliyesogea kwenda kuufungua. Sista aliwasha taa ya mkononi akaiweka sakafuni, na mistari ya chaki ikaonekana myeupe kuliko siku zote.

Mfanyabiashara alitembea, akapokea karatasi yake. Mwenye teksi alitembea bila mzaha hata mmoja, akapokea. Mkongo akaanza. Soko. Redio. Jua. Kanisa. Makala. Nilitembea kando yake nikisema baada yake, na mle ndani sauti yangu haikwenda popote. Tulishuka mteremko. Akasimama penye kona.

"Baada ya hapo?" akauliza Sista kwa upole. Alikuwa ameishika karatasi tayari.

Kabla sijatafsiri, yule mama alisema. Hakusema Kibemba. Alisema Kiswahili cha bandarini, kile cha kuuliza bei ya mafungu ya samaki, ambacho hata sikujua kuwa anacho.

"Weye," akasema. "Kila siku unasimama hapa. Juu ya nini? Sababu nini?"

Mkongo alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Mama, sijue."

"Unajua. Muguu yako inajua. Inasimama."

"Mama, kweli ya Mungu, mie sijue. Kichwa iko mutupu."

"Mutoto yangu alikuwa na baiskeli."

"Nilisikia, mama."

"Baiskeli na samaki. Unaona baiskeli?"

"Sione kitu. Kamio yangu ilipoteza kioo. Ku kushoto. Sijue kilianguka wapi."

Mimi nilisimama katikati yao, na kwa mara ya kwanza katika kazi hiyo hapakuwa na aliyenihitaji. Mama akaukunja mkeka, taratibu, akaushika kwapani, na mistari ya chaki ikabaki imezunguka mahali patupu.

"Basi twende tuangalie," akasema.

Sista alielewa bila kutafsiriwa. Alimnyooshea Mkongo karatasi, akamwambia kwa Kibemba, nami nikatafsiri: "Hii ni yako, umemaliza masomo. Ukitoka kwenye mlango huu kwenda nyumbani, hakuna atakayekufuata. Ukienda darajani ukakuta kitu, kesi itaanza upya, na haitakuwa ya kulewa."

Alimsikiliza mpaka mwisho. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema, "Yaya, fungua mulango."

Tulikwenda kwa teksi ya mwenye teksi, kwa kuwa yeye mwenyewe alisimama na kusema atatupeleka, na mwenzake wa kazi ndiye aliyeendesha. Mvua ilikuwa imeacha. Pale darajani matete yalikuwa marefu kuliko mtu, na maji ya kijito yalikuwa yamepanda na kushuka, yakiyalaza upande mmoja. Mama alibaki juu ya barabara. Mkongo alishuka bila kukunja suruali. Mimi nilimfuata.

Kioo tulikiona kwanza. Kilikuwa kimenasa kati ya mashina, kimeelekea juu, na kilikuwa kikionyesha kipande cha mbingu. Mpira mwekundu ulikuwa bado umezungushwa kwenye mkono wake wa chuma, umefungwa fundo ambalo mtu alilifunga kwa uangalifu. Mkongo alilishika fundo hilo kwa vidole viwili, akalijaribu kama mtu anayepima kazi yake. Halafu akaenda mbele kidogo, matete yakamfunika, nikasikia amepiga magoti ndani ya maji.

Baiskeli ilikuwa juu, na mtoto wa yule mama alikuwa chini. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Aliporudi barabarani alimpigia mama makofi, viganja vikiwa vimekunjwa, kama alivyotuona sisi tukifanya kila siku, kisha akakaa chini kwenye lami akisubiri polisi. Mama alitandika mkeka kando yake. Walikaa hivyo, wote wawili wakitazama matete, mpaka gari la polisi likaja.

Siku ya maziko kijiji kizima kilikuja, pamoja na wale waliocheka. Wanaume walilala kando ya moto, ukawa moto wa watu. Baada ya maziko majivu yalizolewa yakaondolewa, na mahali pake pakafagiliwa. Nilikuwapo. Yule mama alisimama akitazama pale palipofagiliwa kana kwamba hapajui. Mkongo alihukumiwa kifungo, na mimi nilikuwa mdomo wake kwa mara ya mwisho. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema tu kwamba hata sasa hakumbuki, na kwamba asifikiriwe kuwa anaficha. Mama, aliyekuwa ameketi sakafuni nyuma ya mabenchi, aliitikia kwa kichwa.

Ziwa likafunguliwa, Kashikishi ikanuka moshi tena, na mahakama ikaleta wanafunzi wapya. Nilifikiri kwamba sasa sitaweza kuutofautisha moshi mmoja na mwingine. Habari za darajani zilikuwa zimezunguka ufuko mzima, kutoka soko hadi soko, kwa wale wauza samaki. Nilipofika bandani nilikuta Sista amesimama mlangoni na chaki mkononi, haingii.

Kwa hiyo ukija kibandani kwangu kuuliza nini cha kutarajia, nakwambia haya. Utaketi kwenye benchi. Utatembea juu ya chaki. Utasema safari yako yote kwa sauti, ukielekea mlango, na usiruke mahali palipokatika; simama hapo, useme pamekatika. Hakuna atakayekulazimisha zaidi ya hapo. Na utawasalimu walioketi chini, hata kama huwajui.

Siku ile ya kwanza ya wanafunzi wapya, walioketi chini walikuwa akina mama wawili, vichwa vimenyolewa, mmoja akiwa ametoka Mununga, safari ya kutwa. Kila mmoja alikuwa na mkeka wake. Tulipiga makofi, wakaitika. Nikautegea mlango jiwe. Sista akainama kwenye benchi, akasema, "Hapa ni soko la Kashikishi," akaanza kuchora. Barabara ilipinda mara mbili.